Salamu Zilizobaki Kwenye Gunia

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa hunyamaza katikati ya mazungumzo, na watu wa nyumbani hufikiri nimesinzia. Ni siku ambayo Mzee Kilonzo wa kutoka Mukuyuni aliingia katika ofisi yetu ya redio Nairobi, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa:

"Kijana wangu, zile salamu zangu mliziweka wapi?"

Hakuja kugombana. Alitaka kujua tu. Alikuwa amepanda basi alfajiri kwa ajili ya swali hilo moja, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne nilikuwa na jibu la aibu tu.

Nasikia siku hizi vijana wengi wa kwetu mnapata kazi za kunasa sauti za watu na kuzipeleka hewani. Nafurahi. Kaa basi nikueleze habari ya mzee huyo, maana kazi hiyo niliifanya nikiwa kijana kama wewe, na nilidhani naijua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Redio ya serikali ilikuwa ikitenga saa chache kwa siku kwa lugha ya Kikamba, na saa hizo zilisubiriwa. Kutoka Kitui hadi Makindu watu walikuwa wakizima redio mchana ili betri zisiishe, wakaziwasha saa yetu ikifika. Sisi tuliokuwa nyuma ya saa hizo tulikuwa wachache sana, chumba kimoja kilitutosha.

Alikuwepo Mama Nduku, mtangazaji. Sauti yake ilijulikana kila mahali, sura yake haikujulikana popote. Nakumbuka tukiwa sokoni Kitui, yeye akipatana bei ya mbaazi, mwanamke muuzaji akaacha kupima akamkazia macho. "Hebu sema tena," akamwambia. Mama Nduku akarudia bei. Yule mwanamke akapiga yowe, "Jamani, ni yule wa redio! Na ni mfupi hivi!" Tulicheka njia nzima mpaka mji wa Wote.

Alikuwepo Bwana Odhiambo, fundi wa mitambo, Mjaluo wa kimo kirefu aliyesomea ufundi wake ng'ambo na hakuacha mtu asahau jambo hilo. Hakujua Kikamba zaidi ya kuomba maji. Hata hivyo, hakuna neno la Kikamba lililofika hewani bila kupita mikononi mwake.

Na nilikuwepo mimi. Niliajiriwa kubeba mashine ya kurekodia, ile nzito ya kuning'iniza begani, kisha nikafundishwa kurekodi, kisha nikafundishwa kukata.

Hiyo kazi ya kukata ndiyo iliyonilevya, mwanangu. Ninyi mnakata maneno kwa kubonyeza kidude, nasi tulikata kwa wembe. Sauti ilikaa kwenye utepe wa rangi ya kahawia, mwembamba kuliko kidole. Ulikuwa ukiuzungusha kwa mkono polepole, sauti ikiguna kama ng'ombe, mpaka ulipopata pale neno linapoanza. Ukatia alama kwa penseli nyeupe. Ukazungusha tena mpaka neno linapoishia, ukatia alama nyingine. Ukakata huku na kule, ukaunganisha ncha mbili kwa gundi, na lile neno halikuwepo tena. Mtu alikuwa amekohoa, sasa hajakohoa. Nilimchukua chifu mmoja wa Kitui aliyekuwa na kigugumizi kikubwa, nikafanya kazi ya mchana kutwa, akasikika kama mhubiri wa mkutano wa injili. Alinitumia jogoo.

"Huyu Mkamba ni daktari wa kupasua," Odhiambo alikuwa akiwaambia wageni. "Siku moja atamkata mtu ulimi."

Nilicheka. Nilikuwa mdadisi sana wa ile mashine. Nilitaka kujua sumaku inashikaje sauti, kwa nini utepe ukigeuzwa maneno yanarudi nyuma, kwa nini sauti ya mwanamke inakatika vizuri kuliko ya mwanamume. Udadisi wangu wote niliumalizia hapo, kwenye chuma na wembe. Kwa mtu aliyekuwa akisema sikubakiwa na hata kidogo.

Tulikuwa na kipindi cha maendeleo vijijini, Jumapili jioni. Mama Nduku alinituma Mukuyuni nikarekodi habari za mwethya, yale makundi yetu ya kazi ya pamoja, ambayo yalikuwa yamechimba matuta mlima mzima kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Kiongozi wao alikuwa Mzee Kilonzo, mtu wa makamo anayeelekea uzeeni, mwenye mikono iliyojaa sugu na maneno ya taratibu. Nilimkuta amevaa koti juu ya nguo za shamba. Wenzake walikuwa wakimtania.

"Kilonzo, hiyo redio haioni koti!"

"Haioni," akajibu, "lakini mimi nalisikia mwilini."

Nikatayarisha mashine, nikamwekea kinasa sauti mbele ya mdomo. Kabla sijauliza, aliniuliza yeye.

"Hii itafika Makindu?"

"Itafika mpaka Mombasa."

"Mombasa sina mtu. Makindu?"

"Itafika, mzee. Jumapili hii hii."

Akatikisa kichwa, akatulia kama mtu anayetaka kuomba kanisani. Nikamwuliza walianzaje kuchimba matuta. Hakuanza na matuta. Alianza na salamu, na salamu zenyewe zilikuwa ndefu, za kutaja jina la mtu na la mama na la mahali. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye sindano ya mashine inayopima sauti, isije ikaruka kwenye wekundu. Nilimsikia kama unavyosikia mvua juu ya mabati ukiwa unafanya hesabu. Alipomaliza akasema, "Sasa, habari ya matuta," nami nikajiambia, haya, hapo ndipo kazi inapoanza.

Aliyasema ya matuta vizuri sana. Vipimo, majembe, jinsi akina mama walivyobeba mawe wakiimba. Niliagana naye nikiwa na furaha. Aliniletea muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwenye bakuli, akasimama akinitazama nikila, akauliza tena, "Jumapili?" Nikamjibu Jumapili.

Nairobi nilikata kazi hiyo asubuhi moja. Sheria ya kipindi chetu ilijulikana: salamu zilikuwa na kipindi chao siku nyingine, watu walikuwa wakituma kadi, na kwenye maendeleo hapakuwa na nafasi ya kusalimiana. Tena dakika zilikuwa chache. Nikatia alama kabla ya jina la kwanza, nikatia alama pale anaposema "Sasa, habari ya matuta," nikapitisha wembe mara mbili. Kipande kirefu kikaanguka sakafuni, nikakikunja kwa mguu nikakitia kwenye gunia nyuma ya mlango, tulimokuwa tukitupia mabaki yote mpaka mfagiaji ayachome.

Mama Nduku alipokisikia kipindi kabla hakijaenda hewani aliinua uso.

"Huyu mzee hakusalimu mtu?"

"Alisalimu, nimetoa."

"Mtu wa Mukuyuni anaanza kuongea bila salamu? Watasema ameudhiwa."

"Muda, Mama."

Alikuwa na mengine ya kushughulikia siku hiyo. Akaacha. Na kipindi kikaenda hewani, kikasifiwa.

Sasa urudi nami kwenye kile kiti cha wageni. Mzee Kilonzo amekaa, kofia juu ya goti, kiondo cha mapapai miguuni.

"Jumapili ya kwanza nilisikia matuta," alisema. "Nikasema, labda salamu watazitoa Jumapili nyingine. Jumapili ya pili nikasikia habari za nyuki. Ndipo nikasema nije niulize. Zinakaa wapi zikishatoka kwangu na hazijafika Makindu?"

Odhiambo alikuwa akikaza skrubu fulani kwenye kona. Aliacha. Mama Nduku naye akaja kusimama mlangoni.

"Mzee," Mama Nduku akamwambia, "hizo salamu zilikuwa za nani?"

Ndipo akatueleza, bila haraka, kana kwamba sisi ndio tuliokuja kwake.

Baba yao alipofariki, miaka kadhaa nyuma, yeye Kilonzo kama mtoto wa kwanza ndiye aliyepeleka tangazo la kifo lisomwe redioni. Unajua desturi yetu: marehemu hutajwa, kisha watoto aliowaacha, mmoja mmoja kwa jina, na nchi nzima inasikia. Aliambiwa maneno yamezidi, apunguze. Akiwa na majonzi yake akaangalia wapi pa kupunguza. Mdogo wake Musau, aliyekuwa mfanyakazi wa reli Makindu, alikuwa ameshatumiwa mtu wa kumwarifu. Kilonzo akaona, huyu anajua tayari, hahitaji kuambiwa na redio. Akaliondoa jina lake.

"Alikuwa na wenzake wa reli lilipoanza kusomwa," alisema Mzee Kilonzo. "Wakawasikia watoto wote wa baba yetu, na yeye hayumo. Mmoja wao akamwuliza, 'Kwani Musau, wewe uliokotwa?' Alikuja mazikoni, akatupa udongo wake, akaondoka bila kula. Hajakanyaga tena kwetu. Nimetuma wazee, nimetuma mchungaji. Jibu lake ni moja. Alinitoa redioni, anirudishe redioni."

Odhiambo akaweka bisibisi chini. Mzee akaendelea.

"Kijana huyu alipokuja na mashine nilijua Mungu amenijibu. Nikatuma mtu Makindu kwa lori la mkaa, amwambie Musau, Jumapili kaa karibu na redio, nyumba yako iwe na watu. Akakaa. Aliita majirani, aliita na wale wale waliomcheka. Wakanisikia nikiongea kwa sauti yangu, nikataja mpaka mawe. Yeye hakutajwa." Akageuza kofia yake. "Sasa nina lawama ya mara ya pili. Hiyo ningeivumilia. Lakini mama yetu amezeeka, yuko kitandani, na ana neno lake na Musau. Nimemwuliza ni neno gani. Akaniambia, 'Kwani wewe ni Musau?'"

Mama Nduku alitabasamu kidogo kwa hilo, kisha akanigeukia, na lile tabasamu halikufika kwangu.

"Mwambie mzee salamu zake ziko wapi."

Nikamwonyesha gunia nyuma ya mlango.

Alilitazama. Sikuona hasira usoni mwake, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliinuka, akaenda akaingiza mkono, akatoa kipande kimoja cha utepe, akakishika kwenye mwanga wa dirisha kama anayekagua mbegu. "Kumbe neno ni kitu cha kushikwa," alisema. "Na hiki ni cha nani?"

Nikakipokea, nikakigeuza. Hakikuwa na jina.

Gunia lile, mwanangu, lilikuwa na mabaki ya majuma mengi, maana kwa bahati mfagiaji alikuwa mgonjwa. Tulilimwaga sakafuni. Kipande cha Mzee Kilonzo kilikuwa kirefu, lakini virefu vilikuwa vingi, vimejisokota kama uzi ulioingiliwa na paka. Njia ilikuwa moja tu: kuunganisha kimoja na kingine na kusikiliza. Odhiambo akavua koti lake la ng'ambo, akakaa sakafuni pamoja nami. Mzee Kilonzo akavuta kiti karibu. Tukaanza.

Sijui nikuelezeje nilichosikia. Kilikuwa kipindi ambacho hakuna redio iliyowahi kukirusha. Mwanamke wa Makueni akicheka kabla ya kujibu swali, cheko zuri la mtu anayejiandaa kusema kweli. Mzee akifukuza kuku, kisha akimwambia kuku samahani. Mtoto akiuliza, "Hicho kinauma?" Yule chifu wa Kitui akipambana na neno moja, akishindwa, akilirudia, na safari hii nikasikia lilikuwa jina la mkewe aliyekufa. Nilikuwa nimelikata kwa kuwa lilimchelewesha. Mjane mmoja wa huko huko Kitui akianza, "Kisima ni kizuri, lakini kuna jambo ambalo ninyi wa serikali hamkuuliza," na hapo utepe ukakatika, maana nilikata. Ni jambo gani? Niliinuka kabisa, nikawa napekua vipande vingine kutafuta jibu lake. Sikulipata. Na kila mahali, katikati ya watu hao wote, sauti yangu mwenyewe, ya kijana, kavu: "Tafadhali jibu swali."

Nikaona haya, lakini nikuambie kweli, zaidi ya haya nilishikwa na hamu. Kwa mara ya kwanza nilitaka kuwajua watu wale. Nilikuwa nimekaa mbele yao na mashine, na hamu hiyo ikanijia wakati wamebaki vipande.

Jua likielekea kushuka Odhiambo aliinua mkono. "Hapa."

"Umejuaje?" nikamwuliza. "Hata hujui Kikamba."

"Sijui anasema nini. Lakini kile kipindi chako nilikisikia. Kule alikuwa anajibu. Hapa anasema. Sikiliza pumzi, bwana, wewe umesomea nini?"

Tukarudisha mwanzo. Na katika chumba kile cha Nairobi, Mzee Kilonzo akajisikia mwenyewe:

"Kabla ya matuta, namsalimu Musau, mwanaa mwaitu, mwana wa mama yangu, aliyeko Makindu. Nasema mbele ya watu wote kwamba yeye ni mtoto wa nyumba yetu, wa tatu kuzaliwa. Siku ya tangazo la baba sikumtaja. Hakuna mwingine aliyekosa, ni mimi. Musau, mama anakuita. Njoo upesi, ana neno lako."

Mzee alifuta uso kwa kofia. "Ndizo hizo," akasema. "Zilikuwa hapa zote."

Mama Nduku akasema zitasikika hewani Jumapili inayofuata, kabla ya kipindi chochote, sheria au hakuna sheria. Mzee Kilonzo akatikisa kichwa. Musau hakuwa na redio tena, alikuwa ameigawa kwa hasira.

"Basi huyu atampelekea," Mama Nduku akasema akininyoshea kidole. "Kosa lako lilienda Makindu kwa redio. Wewe utaenda kwa basi. Na ubebe mashine."

Nilimkuta Musau kwake, karibu na stesheni, akikwangua matope kwenye buti. Alikuwa na uso wa kaka yake, mkali zaidi. Alipoona mashine begani hakunikaribisha.

"Redio? Mmekuja kunitoa mara ya tatu?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyekata. Nikamweleza kwa kifupi, nimesimama juani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Hakuniambia niwashe. Alimwita mkewe, akamtuma kwa majirani.

"Ngoja," akaniambia. "Walionisikia nikiachwa waje wanisikie nikitajwa. Peke yangu sitaki."

Wakaja. Wanawake wa kanisa na vitambaa vyao, watu wa reli, muuza duka, na mmoja aliyekuwa akiangalia chini, nadhani ndiye yule wa "uliokotwa." Niliweka mashine juu ya meza, nikawasha. Salamu ikasikika. Ikasikika mpaka mwisho. Kisha yule wa kuangalia chini akasema, "Wa tatu kuzaliwa. Kumbe hata mimi ni wa tatu kwetu," na watu wakacheka, na Musau naye akacheka, akiwa na machozi.

"Rudisha," akasema. Nikarudisha. Safari ya pili alikuwa akisikiliza kitu kingine. "Anasema upesi. Alisema hivi lini?"

Nikamwambia.

Uso wake ukabadilika. Akaingia ndani kuchukua koti.

Tulifika Mukuyuni asubuhi iliyofuata. Mzee Kilonzo alitukuta njiani, na kwa jinsi alivyokuwa akitembea nilijua kuna jambo baya. Ndugu wale wawili wakashikana mikono yote miwili, kisha Kilonzo akasema, "Yuko hai. Lakini juzi nikiwa Nairobi ulimi ulimkatika."

Mama yao alikuwa amelala upande, mdogo kama mtoto, macho wazi. Alimwona Musau akamjua, hilo sina shaka nalo. Alimpapasa uso, paji, masikio, kama mtu anayehakikisha ameletewa kilicho chake. Mdomo ulicheza. Alijitahidi. Ilitoka pumzi tu.

"Washa mashine," Musau akaniambia. "Labda atasema, tusilikose."

Niliwasha. Nilishika kinasa sauti karibu naye mpaka mkono ukafa ganzi. Utepe ulizunguka hadi ukaisha, nikaweka mwingine. Zilinaswa pumzi zake, jogoo nje, Musau akimwambia, "Mwaitu, niko hapa, mimi ndiye Musau," na Kilonzo akikohoa mlangoni. Neno halikutoka. Siku hiyo ndugu wale walikula sahani moja, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Mama yao aliwaona wakila. Alifariki kabla mahindi hayajatoa mbelewele, na jina la Musau lilisomwa redioni na Mama Nduku mwenyewe, polepole.

Utepe ule wa pumzi niliupeleka kwa Odhiambo. Nilimwambia sitaki kukata kitu. Alinitazama, akauandika jina, akauweka kabatini. Hakunitania.

Lakini hesabu mwenyewe, mwanangu. Jumapili ile ya kwanza mama yule alikuwa akiongea. Jumapili ya pili pia. Musau angetajwa siku aliyoahidiwa angefika na kuambiwa neno lake. Miaka mingi baadaye nilikuwa nikikutana naye Makindu nikipita kwenda Mombasa, ameshastaafu, ameshanisamehe kabisa, na hata mapapai alikuwa akinipa. Kila mara, katikati ya habari nyingine, aliniuliza swali lile lile kama mtu anayejaribu ufunguo: "Unadhani alitaka kuniambia nini?" Kaka yake hakujua. Mimi sikujua. Amekufa hajajua. Nami nazeeka nikilibeba swali ambalo si langu, na wembe wangu ndio uliolizaa.

Nasaha yangu ni hii basi. Ukienda kwa mtu kuchukua maneno yake, usianze na swali lako. Muulize kwanza amekuja na nini, nani anataka amsikie, na kwa nini amevaa koti. Mashine utaijua tu, haiendi popote. Mtu yuko mbele yako mara hiyo moja. Akitaja jina la mtu, simama, hata kama muda umekwisha, maana kwetu kutajwa ni kupewa nafasi ya kukaa, na kuachwa ni kufukuzwa mbele ya wageni. Na kama ni lazima ukate, maana lazima itakuja, basi ujue unachokata, ukihifadhi, na umwambie mwenyewe umekata. Asije akapanda basi kutafuta maneno yake kwako na wewe umeyakunja kwa mguu.

Hilo ni la redio, lakini hata nyumbani kwako ni hilo hilo. Mke, mtoto, mzazi, wote huanza mbali kabla ya kufika kwenye jambo. Waache waanze mbali.

Mwenyezi Mungu akupe masikio yenye subira kuliko yangu. Akupe njaa ya kuwajua watu, na asikuondolee. Mama yako akiwa na neno lako, ulisikie kwa kinywa chake. Na popote watakapowataja watoto wa nyumba yenu, jina lako lisikosekane. Amina.